Maua Tuliyomvisha Asiye Mgeni Wetu

Risala ya Hirimu ya Wapasua Mawe, vijana wa Moroni na Mutsamudu, kwa Mheshimiwa Assoumani Moindjié, Mkurugenzi wa Kazi na Mafunzo. Moroni, 1984.

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi, wazee wetu wa mji mliokaa safu ya mbele, mama zetu, ndugu zetu mliovuka bahari kutoka Ndzuwani, na ninyi askari wawili mliosimama kando ya gari, maana nanyi mmefika na hatujui tuwaite nani:

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

MAKARIBISHO

Mgeni rasmi, karibu katika kiwanja chetu hapa juu ya soko la Volo Volo. Karibu kwa heshima zote. Umeona mwenyewe kwamba hukupigiwa ngoma uliposhuka garini, wala hukuvishwa maua shingoni. Si dharau, na si kwamba hatukufunzwa adabu. Sababu yake imo humu ndani ya risala, na tunakuomba uvumilivu mpaka tuifikie.

Risala hii ilikuwa isomwe na mwenyekiti wetu, Ibouroi. Leo inasomwa na mimi, Moinafouraha, mshona nguo, naibu katibu wa hirimu. Wanaume wa kamati walikutana juzi na jana, na kila aliyeombwa asome alisema koo limemkauka. Langu halijakauka bado.

Ofisi iliyopanga ratiba ilitutaka tusome kwa Kifaransa. Kwa hilo tunaomba radhi. Wewe umelelewa Unguja, kwa Wangazija wa huko, na mimi bibi yangu alirudi kutoka Unguja mwaka ule wa mapinduzi, watu waliporudi, akanifundisha Kiswahili kwa kunifinya mapaja kila nilipokosea. Tumeona ni bora usikie maneno haya bila mtu wa katikati. Utaelewa baadaye kwa nini tumechoka na watu wa katikati.

HISTORIA YETU

Mgeni rasmi, hirimu unaijua, ila wapo wageni hapa ambao kwao haipo. Ni watu wa rika moja. Wanajenga pamoja, wanazika pamoja, wanaozana kwa pamoja, na mmoja akikosekana kwenye sinia wenzake hawatii mkono.

Yetu ina kasoro, kama wanavyosema wazee. Imeingiza wasichana. Imeingiza watu wa Mutsamudu, kisiwani Ndzuwani, kwa sababu mama yake Ibouroi, Bi Zalifa, ni wa Mutsamudu, na binamu zake walipokuja kusoma hapa Moroni tuliwahesabu kuwa wenzetu. Imeingiza pia waliorudishwa kutoka Majunga, ng'ambo ya bahari, mwaka sabini na saba baada ya Wangazija kuuawa kule, kama Djouhara, aliyeshuka kwenye ndege akiwa mtoto, amevaa kiatu kimoja. Lugha zetu hazifanani sawasawa, na katika mikutano ya mwanzo tulicheka zaidi ya kuamua.

Wengi wetu tulikuwa darasani mambo ya nchi yalipogeuka, na kabla hatujafungua daftari yakageuka tena, Mei ile ya sabini na nane walipotua wale wazungu wa kukodiwa, wenye bunduki, ambao mpaka leo wapo. Tumekua hivyo. Ibouroi alipata bakaloria yake, cheti cha kumaliza sekondari, akazunguka nayo kila ofisi mpaka bahasha ikalegea, kisha akarudi kukaa nasi kwenye ngazi za msikiti. Siku moja akasema, "Jamani, hapa tunakaa juu ya mawe bure. Tuyapasue." Tukapewa kiwanja hiki, ambacho kilikuwa mwamba mweusi mtupu wa volkano, hata mbuzi hakuwa na shughuli nacho. Waliokuwa wakipita sokoni wakatucheka, wakatubandika jina la Wapasua Mawe. Tukalichukua.

MAFANIKIO

Nyumba ni hiyo hapo nyuma yangu. Kuta ni mawe ya kiwanja chenyewe. Mabati yametumwa na kaka zetu walioko Marseille. Milango na madirisha ni kazi ya Charif, seremala wetu, ambaye ukimsifu mlango mmoja atakutembeza kwenye yote. Ndani mna meza za useremala, cherehani, na ubao wa kufundishia. Wasichana waliokuwa wamefungiwa nyumbani wakisubiri kuolewa sasa wanashona sare za shule. Wavulana waliokuwa wakibeba magunia sokoni wanajua kupiga randa.

Haya tuliyaandika marefu zaidi katika risala ya kwanza, ile aliyokuwa aisome Ibouroi. Tumeyafupisha. Hatuna moyo wa kujisifu leo, na utaona ni kwa nini sifa zimetushinda.

MATATIZO

Mgeni rasmi, hali ni ngumu, na wewe unaijua kwa tarakimu. Sisi tunaijua kwa sufuria. Mchele ukipanda, nyumba inakula muhogo. Muhogo ukipanda, watu wazima wanasema wameshakula. Karafuu na vanila zimeshuka, na baba anayetegemea zao la mwaka anakaa tu barazani. Kijana mwenye cheti na asiye nacho wanakutana pale pale kwa wabeba mizigo, na mwenye cheti ndiye anayelipwa kidogo, kwa sababu mgongo wake haujazoea. Wenzetu wa Ndzuwani wanapanda vyombo vidogo kwenda Maore, kisiwa kilichobaki kwa Wafaransa, na baadhi yao tunasubiri habari zao mpaka leo.

Mahali pamoja tu panaajiri na kulipa kila mwezi. Ni kambi ya wale wazungu wenye bunduki. Mwenzetu Zaïdou, wa hirimu hii hii, aliyesimamisha nguzo hiyo ya kona kwa mikono yake, alikwenda akaandikishwa. Tusidanganyane, hatukumlaumu. Tulimwonea wivu. Mama yake alianza kununua nyama.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Ijumaa iliyopita ndiyo iliyokuwa siku yako hapa, ingawa hukufika. Tuliambiwa utapita kwanza Ikoni kwenye msiba, utoe pole, kisha uje kwetu baada ya sala. Basi tukajipanga. Wasichana tulijipaka liwa usoni. Djouhara alitunga shada la asumini na langilangi, kazi ya asubuhi nzima, akitupiga vikofi kila tulipogusa. Bi Zalifa alikuwa amefika kutoka Mutsamudu na sufuria zake, amemletea mwanawe koti la marehemu baba yake, avae akisoma mbele yako.

Vumbi likaonekana njia ya Ikoni. Magari yakaja, la mbele Land Rover. Nani angetarajia mwingine? Ngoma ikapigwa, tukaimba. Akashuka mzungu. Tukasema huyu atakuwa mfadhili, mkurugenzi amekuja na mfadhili, leo tumepata! Djouhara akamsogelea na shada. Yule mzungu akainama, mheshimiwa, ili msichana asipate taabu kufikia shingo. Akatabasamu. Tukashangilia.

Nyuma yake alishuka Zaïdou, amevaa sare, na hilo nalo likatufurahisha, kwamba mwenzetu ndiye mkalimani wa wageni. Mzungu akasema neno. Zaïdou akalileta kwetu: "Anauliza mkubwa wenu ni nani."

Wewe unajua adabu yetu. Mkubwa wa hirimu hajipeleki mbele ya mgeni. Akijipeleka ameaibisha mji. Anarudi nyuma, anajificha, na wenzake ndio wanaomvuta kwa nguvu na kumtaja kwa sifa zake, kila mmoja kwa sauti kuliko mwenzake. Ibouroi akafanya hivyo hivyo, akajibanza nyuma ya nyumba. Charif akamshika mkono mmoja, mmoja wa binamu za Ibouroi mkono wa pili. Mimi nilimsukuma mgongoni. "Bo Ibouroi, usituaibishe! Toka!" Bi Zalifa akapiga vigelegele.

Tukamsifu. Huyu ndiye anayetukusanya. Huyu akisema simameni tunasimama. Huyu ndiye aliyenyanyuka kwenye mkutano wa sokoni akauliza kwa nini meli ya mchele ikifika bei inapanda badala ya kushuka! Huyu haogopi mtu! Zaïdou alikuwa akitafsiri, kwanza kwa sauti, kisha kwa sauti ndogo, kisha akanyamaza. Mzungu akamgeukia, naye akaendelea. Sisi tukadhani anashindwa na Kifaransa, tukamtajia sifa polepole ili azipate vizuri.

Askari wawili wakamshika Ibouroi mikono ile ile tuliyokuwa tumeishika sisi. Charif anasema mmoja wao alimwambia asante.

Mgeni rasmi, waliokuwa nyuma hawakuona. Waliendelea kuimba. Gari lilipogeuka na Ibouroi ndani, koti la baba yake likiwa bado mkononi mwa mama yake, nusu yetu tulikuwa tunapiga makofi na nusu tumeganda. Mzungu aliondoka na shada letu shingoni.

Tumeshtuka. Siwezi kulisema kwa namna nyingine. Watu walioshtuka hupona wakilia; sisi hata kulia hatujafika. Djouhara anakaa akitazama mikono yake. Tumekwenda kambini, tukaambiwa hakuna mtu wa jina hilo. Tumekwenda wilayani, tukaambiwa tuulize kambini. Kosa lake hatukuambiwa. Labda tulilitaja sisi wenyewe, tukiimba.

Usiku ule hirimu ilikutana. Sheria yetu iko wazi: anayemtia mwenzake mikononi mwa mtesi hutengwa. Hasalimiwi, haendewi harusini, haendewi msibani. Wengine wakasema, basi Zaïdou atengwe. Charif akasimama, na yeye si mtu wa maneno. Akasema, "Mkono wa kulia niliushika mimi. Nianzeni mimi." Yule binamu wa Ibouroi akasimama. Nikasimama. Mwisho tulikuwa tumesimama wote, hakuna aliyebaki kukaa wa kututenga. Mkutano ukaishia hapo, tukatawanyika bila hata kuagana.

Tangu siku hiyo tumetafuta mwenyekiti wa muda. Hakuna anayekubali. Wavulana ambao mwezi uliopita walikuwa wakigombea kushika bendera, leo ukimwita mmoja kwa jina mbele za watu anakutazama kama umemlaani. Mwanafunzi wetu bora wa hesabu ameniomba nisimtaje hapa, na simtaji. Wawili wameaga kwenda Maore, na tunajua vyombo vya njia ile vilivyo. Hili ndilo tunaloliogopa kuliko mchele. Njaa tumezaliwa nayo. Lakini nchi ambayo kijana anaogopa kusifiwa itaongozwa na nani sisi tukizeeka? Nani atainua mkono aulize kitu? Tunakuuliza wewe kwa sababu wewe umeinua mkono katika maisha yako, ndiyo maana umefika hapo ulipo.

MAOMBI

Risala ya kwanza ilikuwa na maombi mengi. Tuliomba nafasi za kazi serikalini, kwa kustahili na si kwa kujuana. Tuliomba udhamini wa masomo ya nje. Tuliomba misumari, mbao, na mwalimu wa umeme. Bi Zalifa alitutaka tuombe pia hospitali ya Mutsamudu ipate daktari wa watoto, tukaandika.

Yote tumeyafuta. Si kwamba shida zimekwisha. Tumeona aibu kuomba misumari.

Ratiba inasema kwamba baada ya risala mgeni rasmi atafungua mlango. Umeona tumekuketisha nje, juani, na hujatuuliza. Tunashukuru kwa ustahimilivu wako. Mlango umefungwa. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Ibouroi alipochukuliwa, na hakuna wa pili, maana Charif alikuwa bado anauchonga. Charif huyo hapo, na patasi yake anayo. Anaweza kukitoa kitasa kabla mimi sijakunja karatasi hii. Ofisi ya ratiba ilimtuma mtu asubuhi akatuambia tuvunje, mgeni asipoteze wakati.

Tumekataa. Mlango huu tumeutengeneza kwa jasho letu na hatutauvunja kwa ajili ya sherehe.

Ombi letu ni moja, mheshimiwa. Nenda kambini ukatuletee ufunguo. Tunakuomba uletwe na mtu mwenyewe, ukiwa mfukoni mwake. Kwako wewe si mbali. Gari lako liko pale, na hawa askari wawili uliokuja nao wanaijua njia. Ukifika wakakwambia hayupo, utakuwa umesikia kwa masikio yako kile tulichosikia sisi, na tutakuwa tumeshiriki nawe jambo hilo.

Sisi tutakaa hapa. Vyakula vimepikwa, Bi Zalifa amevifunika, na hakuna atakayetia mkono.

Mwenyezi Mungu akulinde uendako na akurejeshe salama, wewe na utakayerudi naye. Aiangalie Moroni, aiangalie Mutsamudu, awaangalie walioko baharini. Amin.

Ni sisi,

Hirimu ya Wapasua Mawe, Moroni na Mutsamudu.

Mwenyekiti: Ibouroi, mwana wa Bi Zalifa.
Imesomwa na Moinafouraha, naibu katibu, ambaye jina lake sasa mnalo pia.