Bibi Glasi wa Wodi ya Watoto: Maisha ya Mama Yetu

Mama yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mshona nguo, katika nyumba iliyopakana na ghala la mbao. Harufu ya mbao mbichi aliipenda hadi mwisho. Akipita kwa seremala, lazima asimame.

Alisoma karibu na nyumbani, kisha akajiunga na chuo cha uuguzi, alikohitimu mwaka 1979. Walimu walimwandika kuwa mkimya. Sisi tuliolelewa naye hatujui walikuwa wanamzungumzia nani.

Mwaka 1984 alihamishiwa wodi ya watoto. Kazi yake ilikuwa kuwaandaa watoto wanaopimwa utumbo mpana kwa kamera: wasile, na wanywe dawa ya kusafisha tumbo glasi baada ya glasi, mpaka wanachotoa chooni kiwe maji matupu. Dawa yenyewe ina chumvi na inachefua, na Mama hakumdanganya mtoto yeyote kwamba ni tamu. Alijimiminia maji, wakanywa pamoja, na wakimaliza kila mmoja alifudikiza glasi yake, mdomo chini, kwenye sinia. Siku moja mjanja mmoja akaonja ya Mama.

"Sista, yako maji tu!"

Mama aliona aibu, akajimiminia dawa yenyewe. Zamu ile aliimalizia chooni, wenzake wakicheka mpaka machozi. Watoto wakambandika jina la Bibi Glasi, naye hata miaka thelathini hajafikisha.

Baba, dereva wa gari la wagonjwa, alimwona anavyokunywa maji akadhani ana kisukari. Alikwenda kumpa pole, akarudi na mchumba. Walifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1986. Tunaikumbuka mno meza yao ile yenye mguu mmoja mfupi. Hakuna aliyeinuka kabla glasi zote hazijafudikizwa, hata awe mgeni.

Alistaafu mwaka 2017. Mwaka 2021 alianza kukonda na kutoa damu chooni. Daktari alisema bila kipimo kile kile cha kamera hawezi kumpasua. Mganga hajigangi: Mama alikataa katakata. "Yote yale nayajua. Niacheni." Tulimbembeleza, Baba akanuna, wapi! Tuliogopa sana kumpoteza. Ndipo mjukuu wake, binti wa miaka tisa, akaingia na sinia yenye glasi mbili.

"Bibi, hii ni mbaya. Tunywe."

"Yako maji tu," Mama akasema.

"Ndiyo, maji tu. Lakini nakunywa na wewe."

Mama alicheka, akalia, kisha akanywa. Uvimbe ulionekana, ukatolewa, nasi tukajaliwa karibu miaka mitatu zaidi ya kukaa naye mezani.

Mwaka huu ugonjwa ulirudi. Asubuhi ya tarehe 9 Juni 2024, akiwa nyumbani, aliomba maji. Alikunywa kidogo, akashindwa, akamtazama mjukuu wake. Binti akayamaliza yaliyobaki, akaifudikiza glasi. Muda mfupi baadaye Mama alituaga.

Ameacha mume, watoto wawili, mjukuu mmoja, dada yake mkubwa, na watoto wa wodi ambao leo ni watu wazima. Baadhi yenu tunawaona mmesimama pale nyuma. Karibuni mbele, ninyi ni wa nyumbani.

Mama, glasi zote zimefudikizwa. Sasa inuka mezani, ukapumzike kwa amani.