Mabomba Sita ya Kinanda

Ndugu zangu, asifiwe Bwana aliyenipa pumzi ya kusimama mbele yenu asubuhi hii! Naitwa Emanueli, mtoto wa Jang'ombe. Wengi wenu mnanijua kwa mgongo tu, maana nikipiga kinanda katika kanisa hili la chuo chetu huwa nimewapa mgongo. Leo nimegeuka mnione uso.

Nilikuwa mtumwa wa unga, dawa za kulevya. Nilianza kwa kuonja na rafiki kule Michenzani, nikidhani nitaacha nikitaka. Sikuweza. Niliuza simu yangu, nikauza cherehani ya mama. Siku niliyokosa cha kuuza, nikafungua kinanda kwa nyuma, nikachomoa mabomba sita yanayotoa sauti, nikayapeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Ndugu zangu, niliiuza sauti ya nyumba ya Mungu!

Jumapili nikakaa kwenye kinanda kama kawaida. Jua lilikuwa limepenya vioo vya rangi, na wekundu wa kile kioo chenye msalaba umeniangukia mikononi. Nikaanza wimbo wa kuingilia. Kila nilipofika kwenye noti za mabomba yale, kimya. Waimbaji wakajikwaa, wakanyamaza mmoja mmoja. Mimi nikaendelea kubonyeza huku jasho likinitoka, kwa kuwa niliogopa kusimama.

Bi Monika, yule mama mtu mzima anayetufutia vioo, akaja akakaa nami kwenye benchi. Akaniuliza taratibu, "Emanueli mwanangu, kinaumwa kinanda, au unaumwa wewe?"

Uongo nilikuwa nao tayari: panya, kutu, chumvi ya bahari. Haukutoka. Nikasema, "Naumwa mimi, Bi Monika. Mabomba nimeyachukua mimi."

Akanisimamisha, nikayarudia maneno yale yale mbele ya mchungaji na watu wote. Wako waliolia, wako waliotoka nje, na sikuwalaumu.

Kesho yake Bi Monika akafuatana nami hadi kwa yule mnunuzi, Mzee Khamisi wa Kikwajuni. Nikamwamkia, nikamweleza kila kitu. Mzee yule ni Mwislamu, ndugu zangu, na aliposikia kuwa ni vitu vya nyumba ya ibada, akatoa mabomba manne yaliyobaki, akakataa kulipwa, akasema ataniombea dua. Mawili yalikuwa yameshayeyushwa.

Kisha nikapelekwa shamba, kwenye nyumba ya kuwasaidia wanaoacha dawa. Arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ilinitesa! Mifupa iliniuma, nikatapika, nikaomba nife. Nilimwita Yesu kwa koo lililokauka, na kila kulipokucha nikajikuta ni mzima. Miezi ikapita, kiu ikapungua. Sisemi imekwisha yote. Nasema Bwana alinishika jana, na leo pia amenishika.

Niliporudi, mama alinifungulia mlango. Nanyi mkanirudisha kwenye kinanda, jambo ambalo sikuthubutu kuliomba. Noti mbili bado hazilii, na nasikia kila mkifika hapo nyinyi huimba kwa nguvu zaidi. Mungu awalipe kwa hilo.

Ndugu yangu unayeficha jambo, mtumaini Yesu, na mwambie mtu mmoja leo, kabla hujafika nyumbani. Ukikosa wa kumwambia, ibada ikiisha nitakuwa nimekaa pale chini ya dirisha lenye kioo cha msalaba. Njoo tukae. Mimi sina haraka.