Nakala Ndani ya Kompyuta Ileile

Treni ya asubuhi ilikuwa na viti vitupu, lakini mpiga picha alikaa jirani na mama mmoja muuguzi, maana alihitaji wa kumwambia. Juzi alipata barua pepe iliyodai kifurushi chake kimekwama. Akafungua kiambatisho, na picha zote za studio zikafungwa kwa nenosiri asilolijua.

"Ulikuwa unasubiri kifurushi?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Ndiyo aibu yenyewe."

"Na nakala?"

"Zilikuwepo. Ndani ya kompyuta ileile."

Mama alijizuia kucheka. "Hata mimi kazini niliwahi kubofya hivyo hivyo, mwanangu. Tangu hapo nakala zangu naziweka kwenye diski ya nje, nikimaliza naichomoa, naifungia kabatini."

Sasa mpiga picha alikuwa anakwenda kwa mjane ambaye alimpiga picha na mumewe wiki moja kabla mume hajafariki.

"Nitamwambia mashine imeharibika."

"Mwambie ulifungua mwenyewe."

"Atanichukia."

"Huenda. Lakini kompyuta usiisingizie."

"Mama, yule hana picha nyingine ya mumewe."

Treni ikasimama, na mpiga picha akashuka taratibu, akiijaribu midomoni sentensi ya kwanza, kisha nyingine.