Bonde Nililopewa kwa Kuchekwa

Kaeni chini wote watatu, Shija, Januarius na wewe Lukresia, mzime na hizo simu, maana pumzi niliyobaki nayo si ya kurudia maneno.

Nasikia ninyi wanaume mmekwenda Ngulyati kupima kiwanja changu cha barabarani kwa hatua, na mama yenu bado anakunywa uji. Baba yenu alipofariki, mdogo wake Mboje alichukua shamba la juu, mimi akanitupia lile bonde la udongo mweusi, akasema mbele ya wazee, "Shemeji, pale utavuna vyura." Wakacheka. Nililipokea, kwa sababu njia ya malori ya pamba ilipita palepale, na mvua ikinyesha hakuna lori lililovuka.

Nikafunga maksai wanne, nikashika mnyororo mwenyewe, kazi ambayo kwetu mwanamke hapewi, nikatandika mabua ya mtama chini ya matairi, nikavuta. Madereva walinipa chumvi, mabati, na nafasi juu ya mzigo. Ndiyo maana ninyi na surua yenu mlifika hospitali mmekalia pamba, wenzenu wakibebwa kwenye machela siku mbili.

Msimu mmoja Mboje akaja na lori lililojaa pamba yake. Akamwambia dereva, "Pita pembeni, hatuvutwi na mwanamke." Wakazama mpaka kwenye ekseli. Siku tatu alikaa juu ya pamba yake inalowa, ya nne akaja mlangoni kwangu, viatu mkononi. "Shemeji, naomba ng'ombe." Nikamwambia apaze sauti, majirani hawajasikia. Akapaza. Nikamvuta, na sikupokea kitu, ili asipate la kusema.

Leo lami imepita pale bondeni, na wana wa Mboje wanataka kununua kiwanja. Wasiuziwe. Ng'ombe ni wa Shija na Januarius, gawaneni bila kelele. Kiwanja ni cha Lukresia, aliyetandika mabua pamoja nami ninyi mkikimbia mvua. Hati ina jina lake tangu mwaka juzi, kwa hiyo msijichoshe kubisha.

Nikifa mnitoe hapa Somanda mkanizike kwangu Ngulyati. Mboje yu hai, anashinda kibarazani anaangalia magari. Mkifika kwake, dereva asipunguze mwendo. Njia ile nimeipita maisha yangu yote kwa mwendo wa ng'ombe.

Mungu awape... Lukresia, inua huo mto. Awape miguu imara, na watoto wasiowaonea aibu. Basi. Na pale kwa Mboje, dereva apige honi. Ndefu.