Taisto Ruuskanen na Injini ya Onni

Baada ya miaka thelathini na minane ya kazi, fundi Taisto Ruuskanen anastaafu leo, Ijumaa tarehe 30 Oktoba 2015. Aliingia katika karakana yetu ya boti hapa Puumala mwezi Aprili 1977, akiwa na miaka ishirini na mitano, kwa kibarua cha wiki sita. Wiki hizo sita zinakwisha leo saa nane mchana. Mimi, Marjut Laitila, niliyefanya naye kazi kwa miaka ishirini na miwili, nimeambiwa niandike nusu ukurasa wa programu hii ya kumuaga, tena uwe wa kuchangamsha. Nusu ukurasa hautanitosha, na uchangamfu nitautafuta nikiweza.

Wengi mnamfahamu Taisto kutokana na nyua zenu wenyewe. Kila Oktoba, boti zikishatolewa ziwani na kuegeshwa nyumbani juu ya trela, simu zetu huanza kulia. Injini ya boti hunywa maji ya ziwa ili isichemke, na maji hayo yakibaki tumboni mwake hadi Desemba yanaganda, yanavimba, na chuma kinapasuka. Taisto ndiye aliyekwenda nyumba kwa nyumba kuhakikisha hayabaki.

Hakuwa mtu wa haraka. Aliwasha injini kwanza, mpira wa maji ukiwa umeunganishwa, akasubiri ipate joto hadi mlango mdogo wa ndani, ule unaoyaachia maji yazunguke, ufunguke. Kisha aliizima, akalala chali chini yake kwenye majani yenye umande, na kufungua vizibo kimoja kimoja. Kila tundu alilichokonoa kwa waya, hata lile lililokuwa likimwaga maji vizuri. Kutu na mchanga huziba tundu, maji yakatulia nyuma yake, na fundi mvivu akiona tundu kavu hudhani tumbo ni tupu. Mwisho alimimina dawa ya kijani ya kuzuia kuganda mpaka aione ikitoka kwenye ekzosi na rangi yake ileile. Kahawa aliikubali baada ya hapo tu. Mwenye nyumba angeita mlangoni mpaka sauti ikauke, naye angejibu kutoka chini ya boti, "Kahawa haigandi. Maji ndiyo yanaganda."

Yuko daktari wa meno mmoja, jina namhifadhia kwa kuwa yumo ukumbini, aliyesikia kwamba injini inatakiwa kufunikwa wakati wa baridi. Akaifunika kwa mablanketi mawili ya sufu, na juu yake mto. Taisto alipofika aliitazama, akavua kofia, akasema, "Daktari, mtoto umemlaza vizuri sana, lakini hujamkojoza." Daktari huyo hajaruhusu mtu mwingine aguse boti yake tangu siku hiyo.

Kila fundi wa hapa chini ya miaka hamsini amefundishwa na Taisto. Maneno yake ya kufundishia siwezi kuyaandika kwenye karatasi ambayo mchungaji wetu naye amepewa. Kwa miaka thelathini na mitano hakuna injini hata moja iliyopita mikononi mwake ikapasuka kwa baridi.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo yeye mwenyewe amesema niliandike, la sivyo keki tutakula bila yeye.

Oktoba 2012 alikwenda kwa Onni Asikainen na mkewe Hellevi, ng'ambo ya daraja. Onni alikuwa mwalimu wa useremala aliyestaafu. Mapafu yake yalikuwa yamechoka na siku nzima alishinda kwenye kiti dirishani. Taisto alikuwa ameshafungua kizibo cha kwanza Onni alipogonga kioo, akimwita kwa mkono. Alipogonga mara ya tatu, Taisto aliweka spana chini, akaingia ndani. Walikaa saa mbili kwa kahawa ya Hellevi, wakisimuliana habari za watu ambao nusu yao wako makaburini. Aliporudi uani alifungua kizibo cha pili, tundu likawa kavu, naye akadhani alikwisha kulitoa maji kabla hajaitwa. Hakulichokonoa. Injini ilikuwa imepoa, ule mlango wa ndani umejifunga, na dawa ikapita pembeni. Yeye akaona rangi ya kijani kwenye ekzosi, akafunga turubai, akaenda zake.

Mei, barafu ilipoondoka ziwani, Hellevi alipiga simu kusema mafuta ya injini yamekuwa meupe kama maziwa, dalili kwamba yameingiliwa na maji. Taisto alijua kabla hajafika. Ubavuni palikuwa na ufa wa urefu wa kidole. Injini yenyewe ilikuwa ya mwaka 1984. Angesema chuma kimezeeka, sote tungeitikia, na hakuna ambaye angejua. Aliingia ndani, akasimama mbele ya kile kiti, akasema, "Ni mimi, Onni. Sikuchokonoa tundu."

"Kwa hiyo kahawa ya Hellevi imeua injini," Onni akasema. "Na mimi nalazimishwa kuinywa kila siku."

Taisto hakuweza kucheka, kwa kuwa alijua kilichokuwa kinangojwa. Tangu augue Onni alikuwa akimwambia kila mgeni kwamba barafu ikiondoka anataka kupelekwa Lintusaari, kisiwa alichozaliwa, akaione nyumba ya baba yake. Injini mpya ingefika Julai, na daktari wa Onni hakuwa akizungumza habari za Julai. Kwa hiyo Taisto akang'oa injini ya boti yake mwenyewe, iliyokuwa ya aina ileile, na kila siku baada ya kazi akaenda kuifunga katika boti ya Onni. Sisi wenzake tulimliwaza kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Alitujibu kwamba koleo halikufii mikononi kama mtu.

Kazi ya mwezi mmoja na nusu aliifanya kwa wiki tatu. Jumamosi moja ya Juni injini ikanguruma. Jumapili Onni alisema amechoka, wangoje siku nyingine. Jumatano akafariki. Lintusaari hakufika.

Mazishini Taisto alikaa benchi la mwisho, akaondoka kabla ya kahawa ya msiba. Oktoba iliyofuata alikataa kwenda kwa Hellevi, nikaenda mimi. Hellevi akauliza, "Taisto yuko wapi?" Nikasema mgongo unamsumbua. Mwaka uliofuata akauliza tena, nikasema mgongo tena. Nilidhani namsitiri mwenzangu. Huku karakana mwenye mgongo mzima alikuwa akichokonoa kila tundu mara tatu, na mara nyingine tulikuwa njiani kurudi akaniomba nigeuze gari ili aende akalichokonoe mara ya nne. Mizaha yake iliisha. Nyumbani kwake boti isiyo na injini ilikaa juu ya trela, nyasi zikiipanda magurudumu, na sote tulipita tukijifanya hatuioni.

Wiki mbili zilizopita Hellevi alipiga simu karakana. "Mwaka huu namtaka Taisto," alisema. "Aje na huo mgongo wake. Asipokuja yeye, boti na igande." Tulikwenda wawili. Taisto alichokonoa tundu moja baada ya jingine, na Hellevi alisimama uani na koti lake akimwangalia tangu mwanzo. Kizibo cha mwisho kiliporudi mahali pake, Taisto alifuta mikono na kusema alichokibeba muda wote huo. "Hellevi, mimi ndiye niliyemnyima Lintusaari."

"Nani kakwambia alikuwa anakwenda?" Hellevi akasema.

Nilitaka kuondoka. Alinionyesha kwa kidole nibaki.

"Mwezi wa tatu aliniambia hataingia tena kwenye boti," akaendelea. "Miguu haina nguvu, na paa la ile nyumba lilishaanguka, hataki kuliona. Wageni aliwaambia Lintusaari kwa sababu alichoka kuulizwa hali. Wewe ulipokuja na injini yako nilitaka nikwambie uache. Akanikataza. Alisema, ukimwambia, hatakuja tena."

Taisto alikaa juu ya ndoo yake.

"Siku zile za wiki tatu alikuwa ananyoa ndevu, Taisto. Tangu Krismasi hakuwa amenyoa. Saa kumi hivi yuko dirishani, mashati nampigia pasi. Ukichelewa ananigombeza mimi. Jumamosi ile ulipoiwasha ukaenda zako, unajua aliniuliza nini? Aliniuliza, hakuna kingine kilichoharibika?"

Taisto alilia, na mimi nililia, na Hellevi akatukemea wote wawili. "Maneno haya si ya simu," akasema. "Miaka miwili nangoja uje nikwambie, wewe unaniletea Marjut." Basi naomba radhi hapa mbele ya watu wote. Laiti ningesema ukweli Oktoba ile ya kwanza, badala ya habari za mgongo, Hellevi angemfuata hata kwa miguu, na mwenzangu angepumzika mapema.

Mtadhani alirudi amefurahi. Tulipanda gari, tukavuka daraja. Halafu akasema, "Kumbe ningefanya polepole."

Jumatatu simu zitalia na tutakwenda kwenye nyua zenu bila yeye. Tutachokonoa kila tundu, maana ndivyo tulivyofundishwa, lakini msituulize mbona tumenuna. Karakana itakuwa na baridi zaidi mwaka huu, na siyo kwa sababu ya hewa.

Taisto, tunakushukuru kwa kazi, kwa subira, na kwa kusimama mbele ya kile kiti ukasema ni wewe, siku ambayo ungeweza kunyamaza. Tunakuombea afya njema, usingizi wa asubuhi ambao hukuwahi kuupata, na miaka mingi ya amani. Ukipita barabara ya huku, ingia. Usingoje kitu kiharibike.