Mkate wa Yapa

Gari la waya, lile linaloning’inia kwenye kamba angani, lilikuwa likiteremka kutoka El Alto kuelekea La Paz, na Nemesio alitaka kusinzia tu. Lakini mbele yake mama mmoja mwenye kapu alikuwa amembana kwa maneno mtu wa manunuzi wa hospitali, na huko angani hapakuwa na pa kukimbilia.

“Mikate ya wagonjwa nilikuwa naleta mimi, mwanangu. Kila kapu na yapa yake. Au yapa huijui? Mama yako alikuwa ananunua wapi?”

“Naijua, mama, ile nyongeza ya muuzaji. Ila siku hizi mkate ukizidi ni kosa, sawa na ukipungua. Mashine ya kuhesabu mizigo inakataa.”

“Mashine ina tumbo?”

Jamaa akacheka, akageukia mabati ya nyumba kule chini.

“Yapa, sista wa jikoni alikuwa anaiweka kando,” mama akaendelea. “Ilikuwa ya wale wasiojiwa na mtu. Anawaambia, ‘Umeletewa kutoka nyumbani.’”

“Sasa huo si uongo, mama?”

“Uongo, ndiyo. Lakini wa moto, umetoka tanurini sasa hivi.”

Mlango ukafunguka kituoni, wakashuka bado wanabishana. Nemesio alibaki amekaa. Utotoni alilazwa hospitali hiyohiyo, mguu umevunjika, na kila asubuhi sista alimpa mkate uliotoka nyumbani. Kwa ajili ya mkate ule, alikuwa amemsamehe baba yake kwa kutokuja kumwona hata mara moja.