Mtamba Ambaye Hakuondoka Bomani

Bwana asifiwe. Kaeni tu, sitawasimamisha. Mchungaji ameniomba niwe mpole leo kwa sababu tuna wageni kutoka sharika nyingine. Nimemwambia nitajaribu.

Wengine mnanijua kama binti wa hapa Daa, wengine mliniona kwenye televisheni, na wengine, tuseme ukweli, mnanijua kama yule mtangazaji aliyempora mjane ng'ombe. Nilipokuwa nasogea hapa mbele nimeona mama mmoja akimnong'oneza mwenzake. Usijali, mama. Ndiyo mimi.

Nilitangaza kipindi cha asubuhi Dar es Salaam kwa miaka sita. Siku moja tukatumwa kurekodi habari za akina mama wafugaji upande wa Endulen. Nilifurahi, maana nilikuwa narudi karibu na nyumbani. Mjane tuliyepanga kuzungumza naye hatukumkuta bomani kwake. Tukaambiwa yuko hospitali na binti yake, hali ya binti ni mbaya, anahitaji damu, na ndugu zake wameenda mbali kuchunga mifugo. Nikaenda. Nikapimwa, damu yetu ikapatana, nikatoa. Nilikunywa soda yangu, nikapumzika kidogo, nikarudi kazini. Sijisifu, yeyote kati yenu angefanya hivyo.

Lakini kabla sijatoka, yule mama alinishika mkono. Nilikuwa namwita yeyo, kama wanavyowaita mama zao kule. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha taratibu, "Kilichomleta binti yangu hapa, usikiseme popote." Nikamwahidi. Sikuona kama ni ahadi kubwa. Nilidhani nitamaliza kipindi changu na maisha yataendelea.

Binti akapona. Siku tuliyofunga mizigo, yeyo akatuita bomani kwake, na pale nje amesimama mtoto wake mkubwa ameshika mtamba mwekundu, mwenye mimba, kwa kamba. Wangu. Nilikataa mara tatu, ndugu zangu. Niliwaza, mtangazaji mzima nipokee ng'ombe wa mjane, watu wataonaje? Yule mtoto mkubwa akanivuta pembeni akaniambia kwamba mama amepewa uhai wa mwanawe, na kwao mtu wa namna hiyo hupewa ng'ombe. Nikimkataa ng'ombe nimewakataa wao. Nikishika kamba, tumekuwa ndugu, na tangu siku hiyo yeyo na mimi tutaitana Pakiteng, watu waliopeana ng'ombe. Wala sikutakiwa kumbeba kwenda naye Dar. Mtamba anabaki kwenye kundi lao, akizaa ndama ni wangu, maziwa ni yao.

Basi nikashika kamba. Yeyo akalia. Mimi nikacheka, kile kicheko cha mtu asiyejua aweke wapi uso wake. Mmoja wa msafara wetu, mtu niliyekula naye sahani moja safari nzima, akaturekodi kwa simu.

Video iliyotoka ilikuwa ya sekunde kumi na moja. Kukataa kwangu hakumo, mtoto mkubwa hayumo. Nipo mimi na kamba mkononi nacheka, na mjane anafuta machozi kwa shuka. Ukurasa mmoja wa udaku ukaandika kwamba nimemliza mjane na kuondoka na ng'ombe wake wa mwisho ili nimwonyeshe kwenye televisheni. Wa mwisho! Hakuna aliyefika kuhesabu. Hakuna aliyefika hata kuuliza kama huyo ng'ombe ameondoka.

Ndugu zangu, nawaambia, nilidhani itapita kwa siku mbili. Haikupita. Wenzangu wa kazini, watu niliowapaka poda wakati mpambaji amechelewa, walisoma habari yangu hewani kwa sura za msiba. Mkubwa wangu akanitaka nieleze kwa nini nilipewa ng'ombe. Nikasema nilitoa damu. Akauliza, damu ya nini, binti alikuwa na nini, tukahoji familia tupate ushahidi? Nikasema hapana. Akasema basi nipumzike nyumbani kwanza. Mnajua maana ya kupumzishwa.

Halafu akanipigia mwenye kipindi kikubwa cha udaku. Huyu dada wiki chache kabla alikuwa amelia hewani, machozi ya kweli, akikemea watu wanaodhalilisha wanawake mitandaoni. Kumbe ule ukurasa uliotoa video ni wake. Akaniita mdogo wangu. Akasema sisi watu wa habari ni familia moja na yeye anaumia kuniona hivi. Kisha akasema maneno haya, nayakumbuka yote: "Niambie binti aliugua nini, nami nakusafisha kesho asubuhi. Bila hilo, sina cha kukusaidia."

Nikitamka neno moja tu, nimepona mimi, na binti wa watu anaanza kuchafuliwa mahali pangu. Msinione mtakatifu. Nilikaa na simu mkononi nikiwaza, na nilikaribia kusema. Kilichonizuia sijui hata leo kama ni wema au ni hasira kwa yule dada. Nadhani ilikuwa hasira. Nikakata simu.

Nikarudi Daa. Na hapa mchungaji aniwie radhi.

Nilirudi nikijua kwetu watanijua. Mlinijua, ndiyo. Nilienda mnadani na baba kuuza mbuzi, mfanyabiashara mmoja akapaza sauti akaniuliza leo nimekuja kuchukua ng'ombe wa nani. Watu wakacheka, na kati ya waliocheka nilimwona mtu aliyenifundisha Sunday school. Mama yangu akaacha kwenda jumuiya, kwa sababu kila akiingia mazungumzo yalikatika. Video yangu ilifika kwenye kundi la kwaya. Kundi la kwaya! Mtu aliituma na chini yake akaandika, tumwombee. Mlikuwa mnaniombea huku mnanituma kwa mashemeji zenu Mbulu na Babati.

Nililala miezi mitatu. Nilikuwa naamka kuchuma mbaazi na mama, narudi kulala. Sikuoga kila siku. Nilimchukia kila mtu mwenye simu, na kusema kweli nilianza kumchukia hata binti yule ambaye hakunikosea chochote. Mtu mmoja tu alikuwa ananisalimu kama zamani, mama mmoja kibarua kutoka Singida anayelima kwa jirani. Kila asubuhi anasimama na jembe lake, ananiuliza nimeamkaje, anasubiri jibu. Nilidhani hana simu ndiyo maana. Baadaye niliiona. Anayo.

Sasa siku ile. Mtoto mkubwa wa yeyo alikuja Karatu kwa shughuli zake, akaonyeshwa video hotelini akila. Akaitambua kamba yao, akaulizia nilipo. Hiyo habari ilikuwa imezunguka nchi nzima na kwao haikuwa imefika. Jumapili iliyofuata, wengi wenu mlikuwepo, ibada inakaribia kwisha, akaingia mama na mashuka yake na shanga zake, binti nyuma yake, mtoto mkubwa pembeni. Alikuwa amepanda gari tangu alfajiri. Akaomba kusema. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma kabisa, nikajificha nyuma ya kitabu cha nyimbo, kwa sababu nilidhani amekuja kunishtaki.

Alisema maneno machache. "Mjane mnayemlilia ni mimi. Hakuna mtu wa habari aliyekuja kwangu kuniuliza. Huyu alimpa binti yangu damu, mimi nikampa ng'ombe, na ng'ombe yuko kwangu amezaa. Mnamwonea." Akanitafuta kwa macho, akaniita Pakiteng mbele ya kanisa zima. Nililia mpaka nikaona aibu.

Mtu akarekodi na hilo pia, bila shaka. Likasambaa. Wale wa udaku wakafuta video ya kwanza kimyakimya, hawakuomba radhi, na siku hiyohiyo wakaweka habari mpya wakiuliza binti wa mfugaji alihitaji damu ya nini. Mkubwa wangu akapiga simu, sauti imejaa asali. Nirudi kazini, ila nije na yeyo na binti yake, tukae watatu kwenye kochi tueleze. Nikamwambia nafasi yangu ampe mwingine. Leo natangaza habari za wakulima kwenye redio ndogo hapa Karatu, na naamka bila kuogopa simu. Hasira bado ninayo. Nisingependa mdanganyike kwamba imeisha.

Namshukuru Mungu. Namshukuru baba, ambaye hakuniuliza hata mara moja. Namshukuru mama yangu, aliyebeba aibu isiyo yake. Namshukuru mama wa Singida na salamu zake. Na yeyo, Pakiteng wangu, ambaye nilimwomba ruhusa kabla ya kusimama hapa, naye akaniambia ni nini niseme na wapi niishie.

Mnataka funzo. Funzo langu ni dogo: kabla hujatuma, mtafute mwenye ng'ombe umuulize.

Ila kuna jambo la mwisho. Ile Jumapili, yeyo alipomaliza na tukatoka nje, wakati bado machozi hayajakauka, dada mmoja wa kanisa hili alinikumbatia pale mlangoni. Akanibana kwa upendo kabisa. Kisha akaninong'oneza sikioni, "Pole, mpendwa. Kwani yule binti alikuwa anaumwa nini?"

Tangu nianze kusema nimeona nyuso zenu. Nusu yenu mnasubiri nifike hapo. Nimefika, na naketi.